Nyasi na migunga ya Tsavo kwenye diorama ya reli ya kipimo cha 1:87

AbiriaWaVoi (Mombasa) ameuliza:

Ndugu zangu, salaam. Ninajenga diorama, yaani mandhari ndogo ya kuigwa, ya reli ya zamani kwa kipimo cha 1:87 (kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko halisi), yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa sentimita 60. Inaonyesha kipande cha njia kati ya Voi na Mtito Andei, katika nyika ya Tsavo nchini Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati injini kubwa za mvuke za Garratt za daraja la 59, zilizoundwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, zilipokuwa zikivuta mizigo kutoka bandarini kwenda Nairobi. Injini moja ya aina hiyo ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 31, kwa hiyo mezani kwangu inachukua zaidi ya sentimita 35, na nafasi inayobaki kwa ajili ya mandhari ni ndogo kiasi kwamba kila kipande chake kitatazamwa kwa karibu.

Njia ya reli, kalvati na nguzo za simu vimekamilika, nami nimeridhika navyo. Kinachonisumbua ni uoto. Nyasi za nailoni nilizoagiza kutoka Ulaya ni za kijani kibichi cha nchi za mvua, na zikishasimama zote kwa urefu mmoja, nyika inaonekana kama uwanja wa mpira. Miti inayouzwa tayari ni misonobari na mialoni, ambayo haina mahali Tsavo. Ninachokitaka ni nyika ya kiangazi: udongo mwekundu, nyasi zilizokauka, migunga yenye vilele bapa, na mbuyu mmoja kando ya reli.

Naomba anayeifahamu kazi hii anieleze jinsi ya kupanga nyasi za namna hiyo, kama inawezekana kujitengenezea kifaa cha kusimamishia nyasi kwa umemetuli (chaji ya umeme isiyotiririka) badala ya kununua kile cha bei ghali, na mgunga utengenezwe kwa vitu gani ili usionekane kama kipande cha sponji kilichochomekwa kwenye kijiti.

FundiKatani (Tanga) amejibu:

Ndugu AbiriaWaVoi, hongera kwa kuchagua kipande hicho cha njia. Kabla hujafungua chupa ya gundi, naomba uifikirie upya ardhi yenyewe. Katika nyika ya kiangazi nyasi hazifuniki ardhi. Humea kwa mashina yaliyoachana, na kati ya shina na shina pana udongo mtupu, vijiti vikavu, mawe madogo na samadi ya wanyama. Diorama nyingi za nchi zetu hazishawishi macho kwa sababu nyasi zake ni nyingi mno, hata pale ambapo rangi yake ni sahihi. Kwa hiyo mimi ningeanza na udongo, kwa kuwa ndio utakaoonekana kwa zaidi ya nusu ya meza yako.

Tumia udongo wenyewe wa Voi. Ukaushe juani, kisha uukaange kwenye sufuria kuukuu ili wadudu na mbegu zilizomo zife, halafu uuchekeche kwanza kwa chujio la chai na baadaye kwa soksi ndefu ya nailoni mpaka upate vumbi laini. Jiwe kubwa la mita mbili mahali halisi ni milimita 23 kwako, na punje ya mchanga unayoidharau ni kokoto kubwa kwa mtu wa kipimo cha 1:87. Kabla ya kuumwaga, pitisha sumaku yenye nguvu, iliyofungwa kwenye mfuko mwembamba wa plastiki, juu ya udongo uliotandazwa kwenye gazeti. Udongo mara nyingi huwa na chembe za madini ya chuma yanayovutwa na sumaku, na chembe hizo zikibaki zitanyakuliwa na sumaku ya mota ya injini yako na kuisaga kutoka ndani. Hatua hii wengi huiruka, lakini kwa diorama ambayo treni itatembea juu yake mimi naihesabu kuwa ya lazima.

Udongo ukishatandazwa, ulowanishe kwa kupulizia maji yaliyotiwa tone moja la sabuni ya kuoshea vyombo, kisha dondosha kwa bomba la sindano gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Bila sabuni, gundi itakaa juu ya vumbi kama shanga na kuacha mashimo. Fahamu pia kwamba udongo mwekundu ukishashikwa na gundi huwa mweusi zaidi kuliko ulivyokuwa mkavu. Kwa hiyo ukikauka, upake juu juu kwa brashi laini vumbi kavu la udongo uleule uliochanganywa na chokaa kidogo sana, ili irudi ile rangi hafifu ya ardhi iliyopigwa na jua la adhuhuri.

Sasa nyasi. Hesabu ya urefu ni rahisi, na itakuzuia kununua vitu usivyovihitaji. Nyuzi za milimita 2 ni nyasi za sentimita 17, yaani zile zilizolishwa na mifugo au wanyama pori. Milimita 6 ni nusu mita hivi, na milimita 12 ni mita moja na kidogo, urefu wa nyasi ambazo hazijaguswa. Kwa nyika yako changanya zote tatu, lakini hizo ndefu ziwe chache, zikae kwenye vidimbwi vilivyokauka, kando ya kalvati ambako maji ya mvua hukusanyika, na ndani ya vichaka vya miiba ambako mdomo wa mnyama haufiki. Kuhusu rangi, sahau kabisa mfuko wa kijani. Changanya rangi ya majani makavu, kahawia hafifu, kijivu na manjano iliyopauka, na usizikoroge mpaka zikawa kitu kimoja. Ziache zitofautiane kutoka kiganja kimoja cha meza hadi kingine.

Kifaa unaweza kujitengenezea kwa raketi ya umeme ya kuulia mbu, ile inayouzwa kila kona ya mji. Nyuzi za nailoni zikipita kwenye sehemu yenye volti kubwa hupata chaji, na chaji hiyo huzivuta kuelekea kwenye gundi mbichi iliyounganishwa na ncha ya pili ya umeme, nazo hutua zikiwa wima. Ondoa nyavu za raketi, chukua waya mbili zinazotoka kwenye mtambo wa ndani, moja uiunge kwenye chujio la chai la chuma na nyingine kwenye msumari utakaouchomeka ndani ya gundi mbichi. Chujio lifungwe kwenye mpini wa plastiki, na viungo vyote vifunikwe vizuri kwa utepe wa umeme. Weka nyuzi kwenye chujio, bonyeza kitufe, na ulitikise taratibu sentimita 2 au 3 juu ya gundi.

Hapa nakuomba uwe makini. Kapasita, yaani kile kijisehemu kinachohifadhi chaji ndani ya raketi, hubaki na chaji hata baada ya kuachia kitufe, hivyo kila mara kabla ya kugusa chujio, gusanisha waya mbili kwa bisibisi yenye mpini wa plastiki. Mtu mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo asikishike kabisa. Cheche zake pia zinaweza kuwasha mvuke wa spreyi ya nywele au wa gundi zenye kemikali ya petroli, kwa hiyo chumba kipitishe hewa na spreyi itumike wakati mwingine, si sambamba na raketi.

Kwa mashina ya nyasi, usipande moja kwa moja mezani. Chukua karatasi ya kuokea keki, dondosha vitone vya gundi isiyochanganywa na maji, vingine vya ukubwa wa kichwa cha kiberiti na vingine vikubwa kidogo, zisimamishe nyuzi juu yake kwa raketi, na uviache vikauke usiku kucha. Asubuhi vitabanduka vimoja vimoja kama vishungi, na utavibandika utakapo kwa koleo ndogo. Vipange kwa jicho la mtu aliyewahi kutembea nyikani: vingi upande wa bondeni, vichache kwenye mwinuko, na pasiwe na kitu chochote kwenye kijia cha miguu kinachofuata reli. Kijia hicho usikiache, kwa sababu mahali popote penye reli katika nchi zetu watu hutembea kando yake.

MamaMigunga (Nairobi) amejibu:

Nakubaliana na Kaka FundiKatani kuhusu udongo, nami nitaongezea upande wa miti.

Mgunga wa Tsavo mtu huutambua kwa umbo lake hata akiwa mbali, kwa hiyo umbo ndilo la kwanza, majani ndiyo ya mwisho. Mgunga wa mita 12 utakuwa na sentimita 14 hivi mezani kwako. Chukua waya laini za shaba zilizotolewa kwenye kebo ya umeme iliyotupwa, kati ya thelathini na arobaini kwa mti mmoja, uzisokote pamoja upande wa chini, na ukishafika kwenye sehemu ya tatu ya urefu anza kuzigawa. Wengi hugawa matawi kwa kuyaelekeza juu na pembeni pande zote, wakapata mti wa mviringo. Matawi ya mgunga hupanda kwa mshazari yakiwa hayana majani kabisa, halafu yakikaribia kilele hujilaza na kugawanyika kwa wingi karibu katika kimo kimoja. Acha ncha zote za waya ziishie kwenye kimo hicho, zikitofautiana milimita chache tu, na mti mmoja uuegemeze kidogo ili usisimame wima kama nguzo.

Gamba la mti linapatikana kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na unga wa mbao uliochekechwa, upakwe mara mbili au tatu kwa brashi ngumu, na kabla haujakauka chora mistari ya wima kwa sindano. Rangi iwe kijivu iliyoiva, halafu sehemu za juu zipitishiwe brashi karibu kavu yenye kijivu cheupe. Sehemu ya chini ya shina ipake vumbi jekundu, maana hakuna kitu Tsavo kisichoshikwa na vumbi lile, hata tembo.

Kwa kilele, achana na sponji nzima. Nunua dodoki lililokauka, likate kwa wembe vipande vyembamba vya milimita 2 au 3, kisha uvivute kwa vidole mpaka viwe wavu uliolegea. Ukikata dodoki kwa upana utaona matundu makubwa ya katikati. Yaepuke, utumie nyama ya pembeni ambayo nyuzi zake zimepishana ovyo. Zipake nyuzi hizo rangi ya kijivu-kahawia, zilaze juu ya ncha za waya kwa tabaka mbili au tatu zisizolingana kingo, na uzishike kwa gundi kidogo. Zikikauka, zipulizie spreyi ya nywele na kunyunyizia juu yake sponji ya godoro iliyosagwa kwenye blenda na kupakwa kijani kilichofifia chenye kijivu. Nyunyiza kutoka juu tu. Ukiinua mti dirishani lazima uone mwanga ukipenya katikati ya kilele. Usipouona, umeweka majani mengi mno, na utalazimika kuupiga kwa kidole ili yapungue.

Chini ya kilele pakatwe sawasawa. Twiga hufikia majani ya kimo cha mita 5 hivi, na pale penye wanyama wengi utaona mstari ulionyooka chini ya majani ya miti kana kwamba umepimwa. Kwako mstari huo ni sentimita 5.7 kutoka ardhini kwa miti iliyo mbali na reli, ambako twiga wangefika, na karibu na vibanda vya wafanyakazi wa reli unaweza kuushusha hadi sentimita 2 kwenye vichaka vidogo, kwa kuwa hapo aliyekula ni mbuzi aliyesimama kwa miguu ya nyuma. Diorama ikionyesha nani alikula nini, mtazamaji huamini hata kabla hajajua sababu.

Miiba usijisumbue nayo kwenye 1:87, maana haitaonekana. Lakini kwa wasomaji wanaojenga magari ya kijeshi au mandhari ya 1:35, nyuzi nyeupe za umemetuli za milimita 2 ni sawa na miiba ya sentimita 7, na miiba mirefu myeupe ya mgunga huwa karibu na urefu huo. Paka gundi nyembamba kwenye vijitawi vya mwisho, uzirushie nyuzi chache kwa mkono, na uzuie tamaa ya kuongeza.

Mbuyu ni rahisi kuliko mgunga, na kwa kiangazi hauhitaji jani hata moja. Shina la kipenyo cha mita 5 ni milimita 57 kwako. Kunja gazeti na utepe kupata kiini kinene, chomeka matawi ya waya mafupi, manene yanayokonda ghafla, kisha funika vyote kwa rojo la karatasi na gundi. Shina liwe na mikunjo ya wima iliyolegea, si nyufa, kwa sababu gamba la mbuyu ni laini na linang'aa kidogo. Rangi yake ni kijivu chenye wekundu wa mbali. Mwisho ongeza jeraha moja la tembo: sehemu iliyochunwa upande mmoja, chini ya kimo cha mita 3 hivi, yenye nyuzi zinazoning'inia na rangi ya kahawia-nyekundu. Nyuzi za katani zilizochanwa vizuri zitakufaa hapo.

Jambo la mwisho linaunganisha miti na nyasi za Kaka Fundi. Chini ya mgunga mkubwa au mbuyu, nyasi hubaki kijani kwa muda mrefu kuliko zile za uwanda wa wazi, kwa kuwa kivuli hupunguza joto la udongo na majani yanayoanguka pamoja na samadi hurutubisha ardhi. Hapo ndipo mfuko wako wa kijani kutoka Ulaya utakapopata kazi: uchanganye robo moja yake na robo tatu za rangi kavu, na uuweke chini ya kilele tu, ukififia polepole kuelekea nje.

MpendaMandhari (New Jersey) amejibu:

Nimefurahi kusoma majibu haya. Ninapoishi ninaweza kufika kwenye Makumbusho ya Historia Asilia ya Marekani mjini New York, ambako ukumbi wa wanyama wa Afrika wa Carl Akeley, uliofunguliwa mwaka 1936, una diorama 28. Zile ni za ukubwa halisi, hivyo mbinu zake za kutengeneza majani hazihamishiki moja kwa moja kwenye 1:87, lakini namna walivyojiandaa inatuhusu. Kila diorama iliwakilisha mahali fulani halisi, wachoraji walikwenda hadi huko kuchora mandhari, na sampuli za mimea zililetwa ili zinakiliwe. Ndugu AbiriaWaVoi anaishi saa chache tu kutoka mahali anapopajenga. Namshauri achague hatua mia moja za njia ya zamani, apige picha za ardhi kutoka kimo cha goti, na aiige hiyo ardhi, si wazo la jumla la nyika.

Ningeongeza pia mwanga. Rangi zilizochanganywa chini ya taa ya manjano ya sebuleni zitabadilika kabisa chini ya taa nyeupe. Funga kwanza taa zitakazoangaza diorama, halafu ndipo uchanganye rangi chini ya taa hizohizo. Jua la dirishani liepuke, kwa kuwa hufifisha rangi za nyuzi na kukausha mimea ya asili ikawa dhaifu.

AbiriaWaVoi (Mombasa) amejibu:

Nawashukuru sana, Kaka FundiKatani, Mama yangu MamaMigunga na Ndugu MpendaMandhari. Nimebaki na maswali mawili. Hewa ya hapa pwani ina unyevu mwingi karibu mwaka mzima. Je, raketi itafanya kazi? Pili, nimekusanya vishada vya nyasi halisi zilizokauka, vyembamba sana, ambavyo ningependa kuvitumia mbele ya diorama. Vitadumu?

FundiKatani (Tanga) amejibu:

Tanga nako unyevu tunao, kwa hiyo swali lako nalifahamu vizuri. Hewa yenye unyevu huvujisha chaji na nyuzi hushikana madonge. Zianike nyuzi juani kwa saa kadhaa kabla ya kazi, zihifadhi kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko kinachobana pamoja na vile vifuko vya kukaushia vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na uchague saa za mchana kavu za kaskazi au chumba chenye kiyoyozi. Betri za raketi ziwe mpya. Ikiwa bado nyuzi zinalala, hakikisha msumari umegusa gundi unayofanyia kazi. Gundi iliyoanza kukauka haipitishi umeme vizuri, na katika joto letu huanza kuganda upesi, kwa hiyo paka eneo lisilozidi kiganja cha mkono kwa mara moja.

Nyasi halisi zitadumu ukizitayarisha. Zilowekwe kwenye mchanganyiko wa sehemu moja ya glisarini kwa sehemu mbili za maji ya moto, zikae humo siku chache mpaka zinywe, kisha zining'inizwe kichwa chini mahali pakavu pasipo na jua. Glisarini huzifanya zinyumbulike badala ya kupukutika. Zikishakauka zipulizie vanishi isiyong'aa, maana wadudu wa pwani hula chochote kilichowahi kuwa jani. Chagua zile ambazo kichwa chake cha mbegu hakizidi milimita 3, na uzipande nyuma ya vishungi vya nailoni, ili macho yakutane kwanza na nyasi zenye kipimo sahihi.